Oposumu mkia-mfupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukubwa na maisha yake

Maswali haya yanamhusu oposumu mkia-mfupi wa kijivu, *Monodelphis domestica*, mnyama wa Amerika Kusini anayezaliwa na uzito wa gramu 0.1 na kukomaa akiwa na gramu 100 hivi. Tumeanza na yale ya msingi, kisha yanafuata ya wafugaji, ya wanafunzi wa baiolojia na yale ya pembeni. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

## Kumfahamu

1. Ni mnyama gani hasa?

Ni mamalia wa kundi la marsupialia, kundi moja na kangaruu na koala, ambao watoto wao huzaliwa mapema mno na kumalizia kukua wakiwa wamening'inia kwenye chuchu. Familia yake ni Didelphidae, oposumu wa Amerika, yenye spishi zaidi ya 100. Aliyempa jina la kisayansi ni Johann Andreas Wagner, Mjerumani, mwaka 1842.

Manyoya yake ni ya kijivu, pua imechongoka, macho ni meusi na yamejitokeza, masikio ni membamba kama karatasi na hayana manyoya. Mkia ni mfupi kuliko mwili, na hapo ndipo jina lilipotoka. Huishi chini zaidi kuliko juu ya miti, hutoka kuanzia jioni, na hukaa peke yake.

2. Kwa hiyo si panya?

Si panya, wala hana undugu wa karibu na panya. Mfungue kinywa utaona: panya wa nyumbani ana meno 16, manne ya mbele yakiwa marefu ya kugugunia. Oposumu huyu ana meno 50, madogo na makali, yaliyopangwa kwa ajili ya kukata wadudu. Taya la juu lina meno ya mbele 10 na la chini 8, na chonge zake zinaonekana wazi.

Kwa namna ya kuishi, Mwafrika Mashariki angemfananisha na kirukanjia kuliko panya: ananusa huku na huku usiku, anakamata mende, hataki mwenzake karibu. Ila kirukanjia naye ni wa upande wetu wa mamalia, wale wenye kondo la nyuma linalolea mimba mpaka mwisho. Oposumu walishaachana na upande huo zamani sana, enzi za dinosaria.

3. "Domestica" maana yake ni mnyama wa kufugwa?

Hapana. Neno hilo la Kilatini linahusu nyumba, na mnyama huyu alijulikana kwa kuingia majumbani mwa watu nchini Brazili na kula mende, nge na panya wadogo. Wengine huko humwita *catita*, na jina la jumla la oposumu wadogo ni *cuíca*. Kuingia nyumbani hakujamfanya awe wa nyumbani. Hajabadilishwa kwa vizazi vingi vya kuchagua kama paka au sungura, na hilo linaeleza mengi ya yale yanayowashangaza wafugaji (tazama swali la 17).

4. Anapatikana wapi? Afrika wapo?

Makazi yake ni Brazili, hasa nyika kavu za Caatinga na Cerrado, pamoja na mashariki mwa Bolivia, Paraguay na kaskazini mwa Argentina. Hupenda penye mawe, magogo yaliyoanguka na vichaka. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, linamweka katika kundi la wanyama ambao kutoweka kwao hakuhofiwi sana.

Afrika haina marsupialia yeyote wa porini leo. Zamani walikuwapo jamaa wa mbali wa kundi hili: mabaki yao yamechimbwa Fayum huko Misri, na hata Moroto nchini Uganda, alikopatikana *Morotodon* aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Kwa hiyo ukiona picha mtandaoni inayodai oposumu kakamatwa Morogoro au Kakamega, mtazame tena. Mara nyingi ni sange, panya buku au komba.

5. Je, ndiye yule "posamu" wa Australia?

Siye. Wale wa Australia waliitwa hivyo na mabaharia Waingereza kwa kuwafananisha na wa Amerika, na jina likaganda. Wote ni marsupialia, lakini ni matawi tofauti.

## Ukubwa

6. Mtu mzima ana ukubwa gani?

Kiwiliwili pamoja na kichwa huwa kati ya cm 12 na 18, na mkia huongeza cm 6 hadi 9. Uzito wa kawaida wa jike ni gramu 80 hadi 100. Dume huanzia gramu 90 na anaweza kufika 150. Ukimweka kiganjani anajaa kiganja, mkia ukining'inia kando ya kifundo cha mkono.

Ukisoma vipimo vinavyopishana sana, angalia mambo mawili. Kwanza, je, kipimo ni cha mnyama wa porini au wa kizimbani? Wa kizimbani huwa wazito, na wengine ni wanene tu. Pili, je, urefu umejumuisha mkia? Wataalamu huandika kiwiliwili na mkia mbalimbali, lakini waandishi wengi wa mitandao huvijumlisha bila kusema.

7. Nitamtambuaje dume na jike?

Kwa mtu mzima ni rahisi. Dume ana korodani zinazoonekana, na kama ilivyo kwa marsupialia wengine, mfuko wa korodani uko *mbele* ya uume, kinyume na ulivyozoea kuona kwa mbuzi au mbwa. Pia ana kiraka kwenye kifua chenye tezi ya harufu, ambako manyoya huwa kama yamepakwa mafuta. Hukisugua kwenye mawe na magogo kuweka alama. Jike ana duara la chuchu tumboni, dogo na gumu kuonekana kabla hajazaa.

Ukubwa peke yake usiutegemee. Jike mnene wa gramu 110 na dume mchanga wa gramu 95 watakudanganya.

8. Mkia wake unatumika kwa kazi gani?

Hauna nguvu ya kumning'iniza mtini, lakini una kazi ya kupendeza kuliko zote alizonazo: kubeba matandiko. Mwekee vipande vya karatasi jioni umtazame. Anachukua kipande kwa mdomo, anakipitisha kwa mikono ya mbele chini ya tumbo, miguu ya nyuma inakipokea na kukisukuma mpaka kwenye mkia, mkia unajikunja na kukibana. Kisha kingine, na kingine. Akishapata mzigo wa kutosha anakimbia nao hadi kwenye kiota, mkia umeviringika nyuma kama mkono uliobeba kuni.

Kwa sababu hiyo usimshike kwa mkia kama panya wa maabara. Mkunje kiganjani, ukimzungushia vidole bila kumbana kifua.

9. Ndiye oposumu mdogo kuliko wote?

Hapana, ingawa ni mdogo mno ukimlinganisha na oposumu wa Virginia wa Marekani, mwenye ukubwa wa paka na uzito wa kilo kadhaa. Ndani ya jenasi yake wamo wadogo zaidi, kama *Monodelphis kunsi*. Mdogo mwingine ni *Chacodelphys formosa* wa Argentina, ambaye kiwiliwili chake ni takriban cm 7 tu.

10. Nimpime mara ngapi, na kwa mizani gani?

Mara moja kwa wiki, siku ileile, kabla ya kula, kwa mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Muweke ndani ya kikombe kirefu cha plastiki, ukiwa umeshairudisha mizani kwenye sifuri na kikombe juu yake. Anayepungua gramu 10 kwa wiki amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake; huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Anayepanda wiki hadi wiki baada ya kutimiza mwaka, punguza chakula kabla hujatafuta ugonjwa.

## Kujamiiana, mimba na kuzaliwa

11. Jike hupata joto lini?

Hapa wengi hukwama kwa kuwa wamezoea ng'ombe au mbwa. Jike wa spishi hii hana mzunguko unaokwenda wenyewe. Akiishi bila dume karibu, hatapata joto, yaani hatakuwa tayari kupandwa. Kinachoamsha mayai ni harufu ya dume: alama zake, mkojo, matandiko aliyolalia. Akishaipata harufu hiyo, joto hufika baada ya siku kama 5 hadi 8, na hudumu siku moja au mbili tu.

Jike hupevuka akiwa na umri wa miezi 5 hadi 6. Asipandishwe kabla ya hapo hata kama anaonekana mkubwa.

12. Mimba huchukua siku ngapi?

Siku 14 tangu kujamiiana, wakati mwingine zikipungua au kuzidi kidogo. Panya mdogo wa nyumbani, mwenye mwili mdogo zaidi, hubeba mimba siku 19 hadi 21.

Kosa la kuhesabu ni la kawaida. Mtu anaweka dume na jike pamoja tarehe 1, anasubiri hadi tarehe 15, haoni mtoto, anadhani mambo yameharibika. Jumlisha siku za kusubiri joto (swali la 11) na siku 14 za mimba: uzazi huangukia kati ya siku ya 19 na ya 22 hivi tangu wakutanishwe.

Sehemu kubwa ya siku hizo 14 kiinitete bado kimefunikwa na ganda laini, kama kumbukumbu ya yai. Ganda hilo huondoka siku chache kabla ya kuzaliwa, na hapo ndipo kinagusana na ukuta wa mji wa mimba na kupokea chakula kupitia kondo dogo la mfuko wa kiini cha yai. Kwa hiyo mama hulea mimba kwa karibu kwa siku chache tu, kisha kazi inahamia kwenye ziwa.

13. Mtoto anapozaliwa ana ukubwa gani?

Takriban sentimita 1 na gramu 0.1. Weka punje ya mchele mezani: mtoto ni mrefu kidogo kuliko hiyo, na uzito wake ni kama wa punje nne au tano. Ni wa waridi, ngozi inapenyeza mwanga kiasi kwamba maziwa yanaonekana tumboni akishanyonya. Hana macho ya kuonea wala masikio ya kusikilizia. Miguu ya nyuma ni vibonge tu.

Mikono ya mbele, hata hivyo, imetangulia kila kitu. Ina vidole na kucha, na ndiyo inayomvuta kutoka njia ya uzazi hadi kwenye chuchu, mkono huu halafu ule, kama mtu anayeogelea juu ya manyoya. Mama huketi akijilamba wakati huo. Habebi watoto kuwapeleka. Asiyefika hana wa kumfuata.

Mpaka atakapokomaa, mtoto huyo atakuwa ameongezeka uzito mara 1,000. Mtoto wa binadamu wa kilo 3 akiongezeka hivyo angefika tani 3.

14. Hana mfuko? Basi watoto hukaa wapi?

Hana. Oposumu wa jenasi hii hawana mfuko wa tumboni, na ndilo jambo linalowasumbua waliojifunza shuleni kwamba kila marsupialia ana mfuko. Watoto hushikilia chuchu, na chuchu nayo huvimba ndani ya kinywa mpaka inakuwa vigumu kubanduka. Kwa takriban wiki mbili za kwanza wanabaki hapo mfululizo, wakining'inia waziwazi chini ya tumbo huku mama akienda kuwinda.

Usijaribu kumbandua mtoto wa umri huo "kumwangalia vizuri". Utachana kinywa chake, na akitoka hatashika tena.

15. Huzaa watoto wangapi?

Kwa kawaida 6 hadi 10, wakati mwingine watatu tu. Jike huwa na chuchu 13, na hiyo ndiyo dari: anayezaliwa zaidi ya idadi ya chuchu hufa siku hiyohiyo.

## Kutoka chuchu hadi utu uzima

16. Mtoto hukua vipi wiki hadi wiki?

Wiki mbili za kwanza ni za chuchu, kama ilivyoelezwa katika swali la 14. Miguu ya nyuma inachongeka, vidole vinatengana, na ngozi inaanza kuwa na rangi.

Kuanzia siku ya 14 hivi mtoto anaanza kuweza kuachia chuchu na kuirudia. Mama sasa anaweza kuwaacha kiotani akatoka. Wiki ya tatu huleta badiliko ambalo jicho halilioni: taya. Mtoto huzaliwa akinyonya kwa kiungio cha taya cha kale, cha mifupa ileile ambayo baadaye inakuwa mifupa midogo ya sikio la kati. Karibu siku ya 20 kiungio kipya cha taya kinashika kazi, na mifupa ile inaachiliwa taratibu ihamie kwenye kusikia. Historia ya mamalia ya mamilioni ya miaka inapita mbele yako kwa wiki chache ndani ya kiota cha karatasi. Wataalamu wa visukuku humpenda mnyama huyu kwa sababu hiyo.

Manyoya hufunika mwili katika wiki ya nne. Macho hufunguka kati ya siku ya 30 na ya 35. Hapo watoto hupanda mgongoni na ubavuni mwa mama, na baada ya muda mfupi huonja chakula chake. Kunyonya hukoma wakiwa na siku 50 hadi 56, yaani karibu wiki ya nane.

Baada ya hapo ni kunenepa na kuota meno. Magego manne ya nyuma ya kila upande hutoka kwa zamu, la mwisho likiwa nyuma kabisa. Jino moja tu kila upande wa kila taya, gego dogo la tatu, ndilo hung'oka na kuota upya. Mengine huja mara moja kwa maisha.

17. Nitenganishe lini ndugu waliozaliwa pamoja?

Mtoe mama wakifika wiki ya nane. Tenganisha madume na majike kabla ya miezi 4, kisha kila mmoja awe na kizimba chake kabla ya miezi 5. Usidanganywe na ndugu wanaolala wamekumbatiana leo. Mapigano huanza ghafla usiku mmoja, na asubuhi unakuta mmoja amekufa na sehemu yake imeliwa. Wakubwa hawa hawahitaji mwenza, na hawaoni upweke kama tunavyouona sisi.

18. Huishi miaka mingapi?

Kizimbani, miaka 3 hadi 3 na nusu. Porini wengi hawazidi miaka miwili. Bundi, nyoka na mbweha huwamaliza.

Ukitaka kuielewa miaka hiyo, igawe hivi: miezi miwili ya kunyonya, mingine mitatu au minne ya kubalehe, kisha mwaka mmoja na kitu wa nguvu kamili. Jike huacha kuzaa akikaribia miaka miwili, wengine wakiwa na miezi 18 tu. Dume huendelea zaidi. Anayebaki baada ya hapo ni mzee, hata kama bado anakimbia kwenye gurudumu kila usiku.

19. Anaweza kuzaa mara ngapi kwa mwaka?

Siku 14 za mimba na 56 za kunyonyesha ni siku 70, ukiongeza za kusubiri joto na za kupumzika. Kwa hesabu hiyo, mara 3 au 4 kizimbani. Sisi tungeishia mara 2. Jike aliyezalishwa mfululizo hukonda wakati wa kunyonyesha, na watoto wa mwisho huwa wachache na wadogo.

## Kumtunza na kumzalisha

20. Naweza kumfuga?

Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya wapo wanaowafuga, lakini sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, hivyo walio huko waulize kwanza. Kumwingiza mnyama pori wa kigeni Afrika Mashariki kunahitaji vibali vya mamlaka za wanyamapori na za mifugo, na hatuoni sababu nzuri ya kufanya hivyo.

21. Kizimba na joto viweje?

Pande ziwe za kioo au plastiki, na mfuniko wenye matundu ya hewa unaofungwa kwa kibano. Anajua kusukuma. Sakafu isipungue cm 60 kwa 30 kwa mnyama mmoja. Weka maranda ya mbao isiyo na harufu kali (mwerezi usitumie, humsumbua mapafu), kisanduku cha kulalia chenye mlango mmoja, karatasi laini za kuchana, gurudumu lenye uso mzima lisilo na fito za kunasa mkia, na maji wakati wote.

Joto la chumba liwe nyuzi 24 hadi 27. Mwili wake huenda kwenye nyuzi 32 hadi 34, chini ya wa panya na wa binadamu, na chumba cha baridi humfanya ajikunje, aache kula na asizae. Maabara nyingi huwasha taa kwa saa 14 na kuzizima kwa saa 10 kila siku.

22. Anakula nini?

Porini hula nyenje, mende, buibui, nge, vyura, mijusi, panya wachanga na matunda kiasi. Kizimbani msingi uwe chakula kikavu chenye protini nyingi ya nyama, cha paka au cha ferreti (jamaa wa kicheche anayefugwa), pamoja na wadudu hai mara kadhaa kwa wiki, yai la kuchemsha kidogo na kipande cha tunda. Nyenje wanyunyizie unga wa kalsiamu. Mabuu yenye mafuta mengi yawe kitafunio tu. Hayo na mbegu za alizeti ndiyo hunenepesha wanyama wengi wanaofikishwa kwa madaktari.

23. Hatua za kuwapandisha ni zipi?

Chagua jike wa miezi 6 hadi 12 na dume mzoefu ikiwezekana. Anza kwa kubadilishana matandiko: chukua konzi ya karatasi za kiota cha dume uweke kwa jike, na za jike uweke kwa dume, kwa siku mbili au tatu. Kisha wakutanishe jioni kwenye kizimba safi ambacho si cha yeyote kati yao, chenye visanduku viwili vya kulalia.

Kaa nao nusu saa. Kupanua kinywa, kukoroma na kusimama kwa miguu ya nyuma ni mazungumzo ya kawaida. Kung'atana huku wakiviringika si mazungumzo: watenganishe kwa kibao au glavu nene, usiingize mkono mtupu. Wakitulia, waache pamoja hadi siku 14, ukiwaangalia kila siku. Wakijamiiana hulala ubavu wakiwa wameshikana kwa muda, usidhani wanapigana. Ukiona hivyo andika tarehe, na mtoe dume kabla ya siku ya 14 tangu hapo.

Jike asipopata joto, sababu kubwa ni tatu: chumba cha baridi, unene, na umri uliopita mwaka mmoja na nusu.

24. Mama amekula watoto wake. Kwa nini?

Mara nyingi ni usumbufu. Kizimba kilifunguliwa, kiota kikasafishwa, au mama alishikwa katika siku za mwanzo. Sababu nyingine ni njaa, baridi, dume aliyeachwa ndani, au watoto waliokwisha kufa, ambao kuwala ni kusafisha kiota. Kwa wiki mbili baada ya kuzaa usibadilishe matandiko yote. Ondoa kinyesi pembeni, ongeza chakula, acha kisanduku chake.

25. Naweza kulea yatima kwa chupa?

Aliye chini ya wiki mbili, hapana. Hana mdomo wa kunyonya kitu kingine zaidi ya chuchu iliyovimba kinywani, na joto lake lote ni la mama. Aliyefungua macho na anayekula wadudu waliosagwa ana nafasi nzuri, mradi apate joto. Wa katikati hapo humfia hata mtaalamu.

26. Uzeeni huugua nini?

Unene ndio mwanzo wa mengi. Majike wazee hupata uvimbe wa tezi ya pituitari. Tatizo jingine linalojulikana ni utumbo wa nyuma kutokeza nje. Ukiona nyama nyekundu mkiani, iloweshe kwa maji safi ya chumvi kidogo isikauke, mtenge na wengine, mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo.

## Maswali ya pembeni

27. Naye hujifanya amekufa?

Hiyo ni sifa ya oposumu wa Virginia. Huyu hupanua kinywa kadiri awezavyo, anakoroma, na ukiendelea anang'ata.

28. Ni kweli mbegu zake za kiume huogelea wawili wawili?

Kweli. Kwa oposumu wa Amerika, mbegu zikiwa bado ndani ya dume huungana vichwa mbili mbili, na huogelea hivyo zikipiga mikia kwa pamoja. Huachana zikikaribia yai, na moja tu ndiyo hurutubisha.

29. Kwa nini maabara zinampenda?

Kwa sababu hatua ambazo kwa panya hutokea gizani ndani ya mji wa mimba, kwake hutokea nje, mbele ya macho, bila kumpasua mama. Ukoo mkuu wa maabara ulianzia kwa wanyama waliokamatwa mwaka 1978 Exu, jimbo la Pernambuco, Brazili, na kukuzwa baadaye San Antonio, Texas. Mwaka 2007 akawa marsupialia wa kwanza kusomwa jenomu yake yote, yaani maelekezo yote ya urithi yaliyomo kwenye seli zake. Ana kromosomu 18 tu, kubwa na rahisi kuzitofautisha. Jeni ya RSX, inayozima kromosomu X moja ya jike, ilitambuliwa kwake mwaka 2012.

Kichanga akikatwa uti wa mgongo katika wiki ya kwanza, neva huota upya kupita kwenye jeraha na hukua akitembea. Akikatwa baada ya wiki mbili hivi, uwezo huo umekwisha. Na mionzi ya jua, ile ya urujuanimno, pekee yatosha kumletea saratani ya ngozi aina ya melanoma, jambo lililoonyeshwa mwaka 1989.

30. Kuna oposumu wanaoishi msimu mmoja tu?

Wapo. *Monodelphis dimidiata* wa Uruguay, Argentina na kusini mwa Brazili, ndugu wa jenasi moja na huyu, huzaliana msimu mmoja, kisha wakubwa karibu wote hufa, wakabaki watoto kuubeba ukoo hadi msimu ujao. Majibu ya maswali ya 18 na 19 hayamhusu kabisa, hata kama picha zao zinafanana.

31. Mnyama aliyekamatwa porini nitajuaje umri wake?

Kwa meno, kwa kuwa uzito hutegemea chakula cha msimu. Hesabu magego makubwa yaliyotoka kila upande wa taya la juu. Akiwa na mawili au matatu bado ni mchanga. La nne likishatoka na kugusana vizuri na la chini, ni mtu mzima. Kuanzia hapo tazama ncha: zikiwa kali ni kijana, zikiwa zimesagika hadi rangi ya ndani ya jino kuonekana, huyo ni mzee. Mfungue kinywa kwa kijiti laini cha pamba, na uwe mwepesi, kwa sababu meno yote 50 yanafanya kazi.